Tende Tatu, Zabibu Vijiko Viwili: Matunda Makavu kwa Mwenye Kisukari

Kila ukikaribia mwezi wa Ramadhani swali ni lile lile, na siku hizi linakuja hata miezi mingine: "Nina sukari, aina ya pili. Tende naruhusiwa? Na zabibu kavu je? Na yale maembe makavu ya supamaketi?"

Wanaouliza huwa wamekwishapewa majibu mawili yanayogombana. Jirani amewaambia sukari ya tunda ni ya asili, haina neno. Mhudumu wa kliniki, mwenye foleni ndefu mlangoni, amewaambia waache vitu vitamu vyote, basi. Jibu la kwanza linapandisha sukari. La pili linawafanya watu wale kwa kujificha, na anayekula kwa kujificha hapimi.

Jibu langu ni kwamba wengi wenu mnaweza kula, kwa masharti mawili. Kiasi kipimwe kabla hakijafika mdomoni, na kihesabiwe kuwa wanga wa mlo ule, yaani kitu kingine cha wanga kipungue sahanini. Mengine yote hapa chini ni namna ya kuyatimiza hayo mawili jikoni, dukani na kwenye futari.

Kavu na bichi si kitu kimoja

Tunda likikaushwa, maji huondoka na sukari hubaki. Gramu 100 za zabibu mbichi zina wanga wa gramu 18 hivi. Uzito uleule wa zabibu kavu una gramu 79 hivi. Nyuzinyuzi zimebaki, madini yamebaki, tunda halijaharibika. Lililopungua ni umbo. Embe bichi ukilimaliza unajua umekula. Embe lilelile likikaushwa ni vipande vichache vya kutafuna huku unatazama taarifa ya habari, na kabla habari za michezo hazijaanza mkono umesharudi kwenye pakiti.

"Lakini nimesoma kwamba tende hupandisha sukari polepole." Ni kweli. Utafiti wa Falme za Kiarabu uliochapishwa mwaka 2011 ulipima aina tano za tende, zikiwemo Khalas na Fardh ambazo jamaa zetu wa Oman wanazijua vizuri, na hata kwa wenye kisukari cha aina ya pili kasi yake ilikuwa ya chini. Ila washiriki walipewa kiasi kilichopimwa kwenye mzani. Kasi ndogo haikupi ruhusa ya kula tende kumi na mbili. Kinachoamua zaidi sukari itafika wapi ni wingi.

Fungu moja ni kiasi gani

Wataalamu wa lishe huhesabu wanga kwa mafungu ya gramu 15, karibu sawa na slesi moja ya mkate. Kwa matunda makavu, fungu moja ni:

- zabibu kavu: vijiko viwili vya chakula, vilivyosawazishwa
- tende ndogo za kawaida: mbili au tatu
- tende kubwa aina ya Medjool: moja, nayo peke yake inapita fungu kidogo
- plamu kavu: tatu
- aprikoti kavu: nusu saba
- tini kavu: tatu ndogo
- embe, nanasi au papai kavu: gramu 20 hivi, kwa hiyo pakiti ya gramu 100 ni mafungu matano

Hili la zabibu lifanye kwa macho yako mara moja. Chukua kijiko cha kulia wali, chota zabibu, pitisha kisu juu yake ili kilele kianguke. Mimina kwenye kisahani cha kikombe, kisha rudia. Zitakaa katikati tu, pale kikombe kinapokaa, na ukingo wote wa kisahani utabaki mtupu. Sasa zimimine kiganjani uone: kiganja hakijai. Ule "mkono mmoja tu" tunaouita kidogo ni mafungu mawili au zaidi.

Tende zina taabu yake kwa sababu hazilingani. Dukani, mwombe muuzaji apime tende kumi kwenye mzani. Zikiwa gramu 80 au 90, hizo ni ndogo, na mbili au tatu zinatosha fungu. Zikipita 200, hizo ni kubwa. Moja ndiyo mwisho wako. Zikiwa katikati ya hapo, hesabu mbili.

Siku ya kujaribu

Usianze siku ya harusi wala ya Idi. Anza siku ya kawaida, huumwi, na dawa umemeza kama ulivyoandikiwa.

1. Pima sukari kabla ya mlo. Ikiwa imepita 10 mmol/L, tunda kavu lingoje siku nyingine.
2. Ondoa fungu moja la wanga kwenye sahani: slesi moja ya mkate, au vijiko vitano vya chakula vya wali. Nafasi hiyo ndiyo ya tunda kavu.
3. Anza kula mboga, na yai, samaki, maharage au mtindi usio na sukari. Tunda kavu liwe la mwisho. Likitangulia kwenye tumbo tupu, sukari hupanda kwa haraka zaidi.
4. Ukila tunda kavu kati ya milo, litafune pamoja na karanga au korosho chache zisizo na chumvi wala sukari.
5. Funga pakiti uirudishe kabatini kabla hujakaa kula. Hatua hii watu huidharau, nami naiona kubwa kuliko zote.
6. Ukimaliza, tembea dakika 10 hadi 15, hata kama ni kuzunguka uani.
7. Pima tena masaa mawili tangu ulipoanza kula. Kwa watu wazima wengi lengo ni kubaki chini ya 10 mmol/L. Kama daktari wako amekupa lengo jingine, fuata lake.

Mashine nyingine huonyesha namba kubwa, za mg/dL. Hapo 10 yako itasomeka 180.

Najua vijiti vya kupimia ni ghali, na wengi mnapima mara moja kwa wiki au mkienda kliniki tu. Basi tumia vijiti vinne kwa akili. Siku ya kwanza kula mlo wako wa kawaida bila tunda kavu, pima kabla na baada. Siku ya pili kula mlo uleule, wanga umepunguzwa na tunda kavu limeingia, pima kabla na baada. Ziandike namba zote nne kwenye daftari pamoja na kilicholiwa. Kama siku ya pili sukari haikupanda kuliko ya kwanza, kiasi hicho kinakufaa. Kama imeruka, punguza nusu ujaribu wiki nyingine. Ikiruka tena, aina hiyo iache, jaribu nyingine. Miili hailingani: kuna anayevumilia tende na kushindwa na zabibu kavu.

Na mara ngapi? Kwa anayeanza, fungu moja kwa siku lisipitwe, tena si lazima liwe kila siku. Tunda bichi bado ni bora, kwa sababu maji yake yanakushibisha.

Makosa yanayojirudia

- Kuacha sukari kwenye uji na kuweka tende. Tende sita ndogo zilizosagwa kwenye uji zina wanga wa gramu 30 na zaidi, juu ya uji wenyewe ambao ni wanga mtupu. Hapo hujaacha sukari, umeibadilisha sura.
- Maziwa ya tende. Zikisagwa, kazi ya meno imeshafanywa na mashine, na tende ambazo zingekuchukua dakika kumi kutafuna unazinywa kwa dakika moja. Tafuna, usinywe.
- Kuloweka tende usiku kucha ili "sukari itoke." Kweli imetoka, imehamia kwenye yale maji, nawe asubuhi unayanywa.
- Kula tunda kavu kama dawa ya choo kigumu bila kulihesabu. Plamu kavu inasaidia, lakini tatu ni fungu moja kama nilivyosema. Kama unatumia metformin na tumbo tayari linaendesha, iache kwanza.
- Kusahau zilizojificha: zabibu za ndani ya mkate wa mayai, za kwenye tambi za sukari, za juu ya biriani. Zihesabu au zitenge pembeni ya sahani.
- Kujiongezea dawa. "Nitakula tende tano, nimeze kidonge kimoja zaidi." Usifanye. Glibenklamaidi na insulini zikizidishwa zinaweza kukuangusha usiku wakati watu wamelala.

Achari na mabuyu

Hapa nataka tukae kidogo, maana wasomaji wa Mombasa, Tanga na Unguja huniambia hawali matunda makavu kabisa, kumbe mfukoni mna kifuko cha achari.

Achari ya embe ni embe lililokaushwa, kisha likakolezwa sukari, pilipili, chumvi na rangi. Ukali wa pilipili unaufunika utamu, ndiyo maana ulimi hauoni hatari. Kifuko hakina maandishi ya viambato, kwa hiyo hakuna anayeweza kukuambia ndani mna sukari kiasi gani. Mwenye kisukari na presha pamoja, kama walivyo wengi, anabeba mzigo wa sukari na wa chumvi kwa mara moja. Ushauri wangu ni kuiacha, au kujitengenezea: embe bichi lililokatwa, ndimu, pilipili, chumvi ya kuonja tu.

Ubuyu una habari nzuri zaidi. Tunda la mbuyu hukauka lenyewe ndani ya ganda lake, na ule unga mweupe una uchachu mkali na nyuzinyuzi nyingi. Tatizo ni ule ubuyu mwekundu wa vifukoni, uliopikwa kwenye shira ya sukari iliyotiwa rangi. Nunua mweupe, chukua kijiko kimoja cha unga wake, koroga kwenye mtindi usio na sukari. Ukiona huwezi kuunywa bila kuongeza sukari, punguza unga, usiongeze sukari.

Ukiwa supamaketini

Usisome maneno ya mbele ya pakiti, igeuze.

- Tafuta viambato. Pakiti nzuri ina neno moja, jina la tunda. Ukiona sukari, glukosi, dekstrosi au sharubati ya aina yoyote, irudishe. Nanasi na papai za vipande vinavyong'aa kama kioo mara nyingi zimechovywa kwenye shira.
- Angalia jumla ya wanga kwa gramu 100, halafu angalia uzito wa pakiti nzima. Wengine huandika hesabu ya kipimo kidogo ambacho hakuna mtu anayekiishia.
- "Haikuongezwa sukari" ni habari njema, lakini haimaanishi haina sukari. Zabibu kavu hazijaongezwa kitu, nazo zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari.
- Kama una pumu, chunguza kama imetiwa salfa ya kuhifadhia rangi. Aprikoti za rangi ya chungwa kali kwa kawaida zimetiwa. Zile za kahawia kwa kawaida hazikutiwa. Salfa hiyo inaweza kuwabana kifua baadhi ya wenye pumu.
- Nunua pakiti ndogo. Ukinunua kubwa kwa sababu ni nafuu, siku hiyohiyo igawe kwenye vifuko vya fungu moja moja.

Ramadhani

Kwanza neno kuhusu kufunga kwenyewe. Miongozo ya kimataifa ya kisukari na Ramadhani inashauri umwone daktari wiki sita hadi nane kabla ya mwezi, apime hatari yako na kupanga upya saa na vipimo vya dawa. Wapo watakaoambiwa wasifunge, na dini imewapa mgonjwa na msafiri ruhusa. Usijipangie mwenyewe kwa kuiga ratiba ya shemeji yako.

Sasa tende. "Ni Sunna, itanidhuruje?" Sunna ni kufuturu kwa tende, na asiye nayo afuturu kwa maji, kumaliza sahani hakumo. Wengi hupenda idadi ya witiri, na watu wakisikia witiri huwaza saba. Moja pia ni witiri, na tatu pia. Miongozo niliyoitaja inakubali tende ndogo moja hadi tatu wakati wa kufuturu, pamoja na maji ya kutosha. Kwa hiyo huna haja ya kuchagua kati ya Sunna na sukari yako.

Kinachowaponza wengi ni yale yanayofuata. Itazame meza ya futari ya pwani: uji wa pilipili manga uliotiwa sukari, viazi vitamu, mihogo ya nazi, ndizi mbivu za nazi, tambi, kaimati za shira, sambusa, juisi ya ukwaju. Karibu kila sahani hapo ni wanga, kisha asubuhi yake tende ndizo zinazolaumiwa. Jaribu utaratibu huu:

1. Adhana ikilia, pima kama una kijiti. Kutoboa kidole hakufunguzi. Wanazuoni wengi wamelieleza hilo.
2. Maji glasi moja au mbili, na tende ndogo moja hadi tatu. Kubwa, moja.
3. Nenda kaswali Magharibi. Muda huo mdogo unautuliza ulimi na kuipunguzia njaa ukali wake.
4. Ukirudi chagua wanga mmoja tu mezani. Ukitaka muhogo, uwe muhogo leo, na tambi kesho. Samaki na mboga chukua kwa nafasi.
5. Juisi waachie wengine. Ukwaju ukiutaka sana, unywe bila sukari.
6. Kama miguu inaruhusu, nenda tarawehe kwa miguu.

Tende zisiwe daku yako yote. Tende na chai ya rangi vinakwisha mapema, na mchana bado mrefu. Daku iwe na maharage, mayai au mtindi, na wanga usiokobolewa kwa kiasi, iliwe karibu na alfajiri iwezekanavyo.

Fungua mara moja, hata kama zimebaki dakika chache kabla ya adhana, ikiwa sukari imeshuka chini ya 3.9 mmol/L au imepanda juu ya 16.6, au ukijisikia vibaya hata bila kipimo. Mama mmoja akiniambia "nilivumilia maana jua lilikuwa linazama," humjibu kwamba uvumilivu huo ungeweza kumpeleka wodini.

Sukari ikishuka ghafla

Jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio, njaa kali, kuchanganyikiwa: hapo si wakati wa kuhesabu zabibu. Tunda kavu linahitaji kutafunwa na nyuzinyuzi zinalichelewesha. Tumia kijiko kimoja cha chakula cha sukari kwenye maji, au nusu glasi ya juisi au ya soda ya kawaida, isiwe ile isiyo na sukari. Ngoja dakika 15, pima, rudia kama bado iko chini ya 3.9. Ikipanda, kula kitu cha kukushikilia. Kama uko safarini na mfukoni mna tende tu, kula tende, ni bora kuliko kungoja. Aliyepoteza fahamu asitiwe kitu chochote kinywani; akimbizwe hospitali.

Waulize kliniki kabla ya kuanza

- Wenye insulini ya kila mlo, ili hesabu ya wanga na ya dozi zipatane.
- Wajawazito wenye kisukari. Malengo yao ya sukari ni ya chini zaidi kuliko niliyoandika hapa.
- Wenye vidonda vya miguu visivyopona, au ambao sukari yao haijashuka kwa miezi. Kwanza ishuke.
- Wenye matatizo ya figo. Tende, zabibu na aprikoti kavu zina potasiamu nyingi, na figo zilizochoka zinashindwa kuitoa. Potasiamu ikizidi kwenye damu huvuruga mapigo ya moyo, na unaweza usione dalili yoyote kabla. Kisukari na presha ndivyo vinavyoharibu figo za watu wengi, kwa hiyo usiseme "figo zangu ni nzima" kama hujapimwa. Ukienda kliniki omba vipimo vya damu na mkojo vya figo, uliza jibu ni namba gani, na iandikwe kwenye daftari lako, ukurasa uleule wenye zile namba nne, kabla hujatoka mlangoni.